Maisha ya Ernest Hemingway, Mwandishi Aliyesoma Tanzia Zake Mwenyewe

Wenzangu wa kidato cha nne waliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri katika toleo hili la gazeti letu, walidhani nitamchagua mfalme au jemadari, au mmoja wa wazee waliopigania uhuru. Nami nimemchagua mwandishi wa Kimarekani, tena mwindaji. Wako walioguna. Lakini ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu huyu alipita hapa hapa Babati, akakaa katika hoteli ndogo iliyotazama ziwa letu, akanywa bia baridi, kisha akaendelea na safari yake. Sababu ya pili nitaieleza mahali pake.

Ernest Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai, mwaka 1899, katika mji wa Oak Park karibu na Chicago. Baba yake alikuwa daktari na mama yake alifundisha muziki. Walikuwa watoto sita, naye alikuwa wa pili. Baba alimfundisha kuvua samaki na kupiga bunduki tangu utoto. Huko shuleni aliandika katika gazeti la shule yake, kama mimi ninavyoandika leo, na alipomaliza masomo mwaka 1917 alikuwa na umri wa miaka 17, yaani umri wangu. Hakwenda chuo kikuu. Alikwenda Kansas City kuwa mwandishi wa habari, na huko alifundishwa kuandika sentensi fupi zisizo na mapambo. Somo hilo hakulisahau maisha yake yote, na walimu wetu wangefurahi kama sisi nasi tungelishika.

Wakati ule vita kuu ya kwanza ilikuwa ikiwaka Ulaya. Akajiunga na Msalaba Mwekundu, akapelekwa Italia kuendesha motokaa ya kubebea majeruhi. Usiku wa tarehe 8 Julai, 1918, alikuwa karibu na mto Piave akiwagawia askari chakleti na sigara, kombora likaanguka karibu naye. Miguu yake iliingiwa na vipande zaidi ya mia mbili. Alilazwa hospitalini Milan, akapona. Mwaka 1921 alihamia Paris, akaanza kuandika hadithi, na kufikia mwaka 1929, alipotoa kitabu chake cha A Farewell to Arms kinachohusu vita ile ya Italia, jina lake lilikuwa limekwisha kuenea. Alioa mara nne, akapata watoto watatu wa kiume. Mambo ya ndoa zake ni marefu na mengine si ya kumsifu, nayaacha.

Sasa nafika kwetu. Mwezi wa Desemba mwaka 1933 Hemingway alishuka Mombasa pamoja na mke wake wa pili, Pauline, na rafiki yao mmoja aitwaye Charles Thompson. Gharama za safari zilitolewa na ami tajiri wa Pauline. Mwindaji aliyewaongoza alikuwa Philip Percival, mlowezi wa Machakos. Wakavuka mpaka kuingia Tanganyika, wakapiga kambi Serengeti. Huko Hemingway aliugua ugonjwa wa kuhara damu, akadhoofika sana, hata mwezi wa Januari mwaka 1934 ikabidi ndege ndogo iitwe porini kumchukua. Ilimbeba kupitia Arusha mpaka Nairobi, akapata dawa, na baada ya siku chache akawarudia wenzake. Safari hiyo ya ndege ndiyo iliyomtia katika moyo hadithi yake ya The Snows of Kilimanjaro, iliyotolewa mwaka 1936, ya mtu anayekufa porini kwa jeraha lililooza huku akiingojea ndege. Naomba msomaji akumbuke jambo hili: mara ya kwanza ndege ndogo ilimwokoa.

Baada ya kupona walishuka ukuta wa Bonde la Ufa, wakawinda karibu na Ziwa Manyara, kisha wakaja kusini mpaka Babati. Barabara hii inayokatiza mji wetu wakati ule watu waliiita barabara ya kutoka Cairo mpaka Cape. Kutoka hapa walielekea upande wa Kondoa, halafu wakaingia nchi ya Wamasai mpaka Kibaya na Kijungu, ambako leo ni Wilaya ya Kiteto katika mkoa huu huu wa Manyara. Hemingway alikuwa akimtafuta tandala mkubwa, yule mwenye pembe zilizosokotwa. Siku zilipita bila kumpata, mvua zilikaribia, na rafiki yake alikuwa akipata wanyama wakubwa kuliko yeye. Mwenyewe alikiri wivu huo katika kitabu chake cha Green Hills of Africa, cha mwaka 1935. Mwishoni alipata tandala wawili kwa siku moja, lakini aliporudi kambini akakuta mwenzake amepata mwenye pembe kubwa zaidi.

Kitabu hicho kimo mikononi mwa mwalimu wetu wa Kiingereza, naye aliniazima kwa wiki tatu. Nilikisoma chini ya mwembe nyuma ya bweni. Sitaficha kwamba kuna mahali kilinichukiza. Kuwapiga fisi kwa kujifurahisha na kucheka wanapojizungusha si jambo la kujivunia. Tena watu wetu waliomwongoza amewapa majina ya utani kama watoto. Lakini yuko mmoja aliyemheshimu, mzee wa Kikamba aliyemchukulia bunduki, ambaye kitabuni anaitwa M'Cola. Huyo ndiye aliyeona nyayo, aliyejua upepo unakotoka, na aliyemfanya mgeni ajisikie mpumbavu bila ya kusema neno. Ningependa kusoma maisha ya mzee huyo, lakini hayakuandikwa.

Miaka ikapita. Hemingway aliandika habari za vita ya Hispania, akahamia Kuba, na katika vita kuu ya pili alikuwa mwandishi wa habari huko Ulaya. Mwezi wa Mei mwaka 1944, mjini London, alipata ajali ya motokaa usiku, akapasuka kichwa na kushonwa nyuzi nyingi. Madaktari walimtaka apumzike. Hakupumzika. Mwaka 1952 alitoa kitabu kidogo, The Old Man and the Sea, kinachoeleza habari za mvuvi mzee wa Kuba na samaki mkubwa mno, na dunia nzima ikakisoma. Mwaka uliofuata alirudi Afrika pamoja na mke wake wa nne, Mary. Percival, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alikubali kumwongoza tena.

Ilipofika Januari mwaka 1954 alitaka kumpa mke wake zawadi ya Krismasi iliyochelewa: kuitazama Afrika kutoka angani. Wakakodi ndege ndogo aina ya Cessna 180, na rubani wao alikuwa Roy Marsh. Kuanzia hapa nitasema eropleni, kama wasemavyo babu zetu, maana katika habari hii wamo pia ndege wenye manyoya, na sitaki msomaji achanganyikiwe.

Waliondoka Nairobi tarehe 21 Januari. Wakapita juu ya Ngorongoro na Serengeti, wakatia mafuta Mwanza, wakafika mpaka Bukavu kwenye Ziwa Kivu. Kutoka huko walikwenda Entebbe. Tarehe 23 Januari waliruka tena ili Mary apige picha maporomoko ya Murchison, pale mto Nile unapojibana katika mwanya mwembamba wa mwamba na kuanguka kwa kishindo. Marsh aliizungusha eropleni juu ya maporomoko mara tatu, akishuka chini chini ili picha zipatikane vizuri. Ghafula kundi la kwarara likakatiza mbele yao. Rubani akainamisha eropleni kuwakwepa, na katika kuwakwepa akagonga waya wa simu uliokuwa umetelekezwa, uliotandikwa juu ya korongo.

Katika somo la fizikia tumejifunza kwamba eropleni hushikiliwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa yake, na hewa hiyo haipiti isipokuwa kuna mwendo. Iliyoharibika ikiwa juu sana, rubani anao muda. Anaweza kuinamisha pua, akaubadilisha urefu wa juu kuwa mwendo, akatafuta mahali pa kutua. Lakini iliyo chini chini haina akiba. Marsh alikuwa na muda mfupi tu. Waya wenyewe ni adui asiyeonekana, kwa sababu ukiutazama kutoka juu unapotelea katika rangi ya majani na miamba. Tena waya ule haukuwa na kazi yo yote tena; hapakuwa na mtu aliyezungumza kwa kuutumia. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi.

Marsh aliivuta eropleni mbali na mto, akaiangusha vichakani, kiasi cha maili tatu kutoka maporomoko. Ilivunja miti midogo, ikakwaruza, ikasimama. Ikawa kimya. Wote watatu walitoka wakiwa hai. Mary alikuwa amevunjika mbavu na amepatwa na mshituko, Hemingway aliteguka bega, rubani hakuumia. Kwa kutua kwa namna ile porini, bila uwanja, na chombo kilichoharibika, mimi naona rubani huyo alifanya kazi kubwa, ingawa ajali yenyewe ilitokana na kuruka chini mno.

Walijaribu kuita kwa redio, hawakujibiwa. Wakapanda mahali palipoinuka, wakawasha moto, wakalala hapo huku tembo wakizungukazunguka karibu. Wakati huo eropleni kubwa ya abiria iliyopita juu iliona mabaki vichakani bila ya mtu ye yote, ikatoa taarifa. Habari zikaruka duniani kwa simu: Hemingway amekufa.

Asubuhi waliiona mashua ikipanda mto. Ilikuwa imekodiwa na daktari mpasuaji wa Kampala aliyekuwa matembezini na jamaa zake. Ikawachukua mpaka Butiaba, bandari ya Ziwa Albert, wakafika jioni. Huko walimkuta rubani mwingine, Reginald Cartwright, aliyekuwa amewatafuta mchana kutwa, na eropleni yake kubwa kidogo, de Havilland Rapide yenye injini mbili. Akawaambia atawapeleka Entebbe usiku ule ule. Uwanja ulikuwa na matuta na mashimo kama shamba lililolimwa. Eropleni ikakimbia, ikaruka, ikaanguka chini tena, ikashika moto.

Marsh alilivunja dirisha kwa mateke, akatoka pamoja na Mary. Hemingway alikuwa mtu mnene, hakuweza kupita pale. Mlango ulikuwa umejipinda na kukwama. Basi akaupiga kwa bega na kwa kichwa chake mwenyewe, kile kile kilichopasuka London, mpaka ukafunguka. Alitoka akiwa ameungua. Usiku ule walipelekwa kwa motokaa mpaka Masindi, na kesho yake Entebbe, na magazeti yakaeleza kwamba alitokea mbele ya waandishi akiwa na mkungu wa ndizi na chupa ya jini, akitania. Dunia ikacheka na kushangilia. Mtu wa miaka 54 ameanguka mara mbili kwa siku mbili, na bado anafanya mzaha! Mwanawe Patrick, aliyekuwa na shamba katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, alikwenda Entebbe kuwasaidia. Baadaye Nairobi, Hemingway alilala kitandani akisoma tanzia zake mwenyewe zilizotoka katika nchi mbalimbali, na inasemekana alizifurahia sana.

Sasa nitaeleza sababu yangu ya pili.

Mwaka juzi kaka yangu alianguka na pikipiki katika barabara ya kwenda Singida, jioni, alipokuwa akimkwepa mbuzi. Alijipigiza kichwa chini. Watu walikimbilia wakamkuta amekwisha kusimama, anajipangusa vumbi na kucheka. Aliiwasha pikipiki akaja nayo nyumbani. Mama alimpa chai, na usiku ule alitusimulia ajali yake mpaka tukashika mbavu. Hakuna aliyefikiria hospitali. Mtu anayetembea na kucheka atapelekwa hospitali kutibiwa nini? Baada ya wiki chache akaanza kulalamika kichwa. Akawa anasahau, anatumwa mafuta ya taa anarudi na sabuni. Akawa mkali kwa mambo madogo, na zamani alikuwa mpole kuliko sisi sote. Nyumbani tulisema ni jeuri, kwamba anakwepa kazi. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo, wakati wa likizo, mbele ya wadogo zetu. Ilipita karibu miezi minne ndipo daktari alipotueleza kwamba ubongo uliumia siku ile ile aliyocheka.

Kwa hiyo niliposoma habari za Hemingway na ndizi zake sikucheka kama wengine darasani. Nilitaka kujua yaliyofuata. Nayo ni haya. Madaktari walipompima vizuri waliona fuvu limepasuka, na ini, wengu na figo vimeumia, na pingili za uti wa mgongo zimesagika. Jicho la kushoto lilipoteza nuru kwa muda, na sikio la kushoto vile vile. Naye, badala ya kulala, alikwenda Shimoni, pwani ya Kenya, kuvua samaki. Moto wa msituni ulipozuka karibu na kambi alikwenda kuuzima, akaanguka humo, akaungua tena. Mke wake aliandika baadaye jinsi hasira zake zilivyokuwa ngumu kustahimili siku zile.

Tarehe 28 Oktoba mwaka ule ule wa 1954 ilitangazwa kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hakuweza kwenda Stockholm kuipokea kwa sababu ya maumivu. Hotuba yake ilisomwa kwa niaba yake na balozi wa Marekani nchini Uswidi. Wengi wanaokumbuka tuzo hiyo hawakumbuki kiti kilichokuwa kitupu.

Aliendelea kuandika, kurasa nyingi sana, nyingine za Afrika, lakini kuzimaliza kukamshinda. Kumbukumbu ilipungua, naye alikuwa akijivunia kumbukumbu yake kuliko kitu cho chote. Akaanza kuwashuku rafiki zake. Mwaka 1960 aliondoka Kuba, na mwaka huo na uliofuata alilazwa mara mbili katika hospitali ya Rochester, Minnesota, akatibiwa kwa umeme kichwani. Mwenyewe aliona tiba ile imemfutia kumbukumbu zilizosalia. Tarehe 2 Julai, 1961, nyumbani kwake Ketchum katika jimbo la Idaho, alijiua kwa bunduki. Zilibaki siku 19 atimize miaka 62.

Sisemi kwamba eropleni ndiyo iliyomwua. Baba yake naye alijiua mwaka 1928, na ulevi wake ulikuwa mwingi, na kichwa chake kilikuwa kimegongwa mara nyingi kabla ya Uganda. Watu waliosoma udaktari wameandika vitabu juu ya jambo hili na hawakubaliani. Mimi ni mwanafunzi tu. Lakini nikizipanga tarehe, naona magazeti yale ya Januari 1954 yaliyotangaza kifo chake yalicheka upesi kuliko ilivyostahili yalipomwona amesimama.

Mary alisahau mbavu zake zilizovunjika, akaishi mpaka mwaka 1986. Patrick alikaa Tanganyika, na baadaye Tanzania, miaka mingi. Aliongoza safari za uwindaji, kisha akafundisha katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro. Barabara ya kwenda Kondoa sasa ni ya lami. Ziwa letu bado lina viboko, nao huunguruma usiku.

Likizo iliyopita nilimsomea kaka yangu habari hii kabla ya kuileta gazetini, kwa sababu nilitaka ruhusa yake kwa yale yanayomhusu. Alisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza, jambo ambalo siku hizi ni nadra kwake. Akaniuliza kama yule rubani wa kwanza alipona. Nikamjibu kwamba alipona, mara zote mbili. Akaniambia nisibadilishe neno, ila niandike kwamba mbuzi naye alipona.